Mjomba, lenzi imetoka nusu na haitaki kurudi

Mjomba, shikamoo.

Naishi Nkuhungu, hapa hapa Dodoma mjini, nina mume na watoto wawili. Riziki yangu ni kupiga picha. Sina studio wala kibao cha tangazo. Nina kamera moja ndogo ya kidijitali, ile inayoenea kiganjani, niliyoinunua ikiwa imeshatumika mwaka 2021 kwa shilingi 280,000. Kamera hiyo imenizungusha vijiji vya Chamwino na Bahi: ubatizo, kipaimara, mahafali ya darasa la saba, kina mama wakivunja kikoba. Napiga Jumapili, katikati ya wiki nasafisha picha mjini, Jumapili inayofuata narudi na bahasha. Picha moja saizi ya postikadi nauza 1,500. Studio wanakata 600. Shughuli ya kawaida hunipa picha kama 50 zinazolipiwa.

Najua utaniuliza kwa nini situmii simu. Mjomba, kijijini siku hizi kila mtu ana simu. Ukitoa simu watu wanakuambia "nirushie". Ukitoa kamera wanajipanga wenyewe, wanafunga vifungo, na mkononi wana hela.

Sasa mwezi wa nane nilikuwa kwenye kipaimara. Askofu amemfikia mtoto wa tatu kwenye mstari, nikawasha kamera, lenzi ikatoka nusu, ikakwaruza kama mtu anayetafuna mchanga, ikasimama. Kwenye skrini yakaja maandishi ya Kiingereza kwamba lenzi ina hitilafu, zima uwashe tena. Nikazima, nikawasha, nikaigonga kidogo kwenye kiganja. Wapi! Baada ya misa niliwarudishia wazazi kianzio chao, shilingi 38,000, mbele ya mlango wa kanisa. Aibu ile bado ninayo.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja sokoni, anatengeneza simu na redio. Aliitazama bila kuifungua, akasema "hii ndogo tu", akataka 45,000. Nikamtumia kwa simu, karatasi hakunipa. Nilimfuata mara nne. Wiki ya tatu akanikabidhi. Lenzi inatoka, inarudi. Nikaenda nayo kwenye mahafali ya shule moja. Nilipofika kusafisha, dada wa studio akaniita pembeni: "Mbona upande wa kushoto kama kuna ukungu?" Watoto waliosimama kulia unaona hadi uzi wa vifungo vya shati. Wa kushoto hata mama zao wanauliza huyu nani. Siku ya tisa lenzi ikakwama tena, palepale. Fundi anasema kazi aliifanya, ni kamera yenyewe imechoka.

Rafiki akanipa namba ya fundi wa Kariakoo, nikamtumia video. Anasema ibadilishwe lenzi nzima, 120,000, na kuituma kwa basi kwenda na kurudi ni kama 15,000. Mume wangu anasema nisitoe hata senti, yeye ana bisibisi ndogo za simu na ameshaangalia video mtandaoni, ataifungua Jumamosi.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Wiki mbili kabla haijaharibika, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliiazima akaenda nayo na pikipiki yake mnadani Msalato. Unalijua vumbi la pale ng'ombe wakipita. Aliirudisha imefubaa, nikaipangusa kwa khanga. Nimemwambia alipe nusu ya matengenezo. Amekataa, tena amekwenda kusema kwa mama mkwe, na mama mkwe amejibu kwamba kwao hakuna mtu aliyewahi kudaiwa kwa sababu ya kushika kitu cha ndugu. Mume wangu yuko kimya. Mimi kamera hiyo naitunza kama yai: naiviringisha kwenye kipande cha kitenge, na ili betri isiishe naizima kila nikimaliza picha moja. Haijawahi kuniponyoka hata mara moja.

Nitengeneze, ninunue nyingine, au niache kabisa? Na shemeji nimfanyeje?

Mpiga Picha, Nkuhungu

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na Jumamosi maana iko karibu. Mwambie baba watoto azirudishe bisibisi zake kabatini. Simdharau. Ndani ya kamera yenye flashi kuna kapasita, kidude cha mviringo kama betri ndogo, kinachotunza umeme wa ule mwanga. Umeme huo unafika volti kama 300, wakati soketi ya ukutani kwenu ni 230, na ukichomoa betri ya kamera hauondoki papo hapo. Aliyezoea kufungua simu hana habari nao, kwa sababu taa ya simu haifanyi kazi hivyo. Mimi umeme huo ulinipiga enzi za kamera za filamu: bisibisi ikaruka chini ya kabati, mkono ukafa ganzi hadi jioni. Tangu siku ile nikiona mtu anafungua kamera huku anaangalia video, nasogea mlangoni.

Kabla ya hela nyingine yoyote kutoka, azima betri nzima iliyojaa, uijaribu. Najua unacheka. Ila betri iliyochoka huweza kuwasha skrini vizuri kabisa, halafu ikakosa nguvu ya kusukuma lenzi, na kamera ikakuandikia hitilafu ileile ya lenzi. Mwalimu mmoja wa Kondoa aliwahi kuniandikia kwamba alilipa 30,000 kwa fundi kisha akagundua betri yake imevimba tumbo. Yako, kwa mlio huo wa kutafuna mchanga, sidhani kama ni betri. Lakini kujaribu ni bure, na hela ukishaitoa hairudi kirahisi, wewe mwenyewe umeona.

Sasa ugonjwa wenyewe. Lenzi ya kamera ndogo ni vikombe viwili vitatu vilivyoingiliana, kimoja ndani ya kingine, kama kikombe cha safari cha kukunja. Ukiwasha, mota ndogo sana inazungusha gia za plastiki, vikombe vinatoka. Kamera inasubiri vifike mahali pake. Visipofika kwa wakati, inakata tamaa na kukuandikia yale maandishi. Kati ya kikombe na kikombe kuna nafasi nyembamba sana, na chembe moja ya mchanga wa Dodoma inatosha kuijaza. Kibaya zaidi, vikombe vikitoka vinavuta hewa kama bomba la sindano, na hewa yetu kati ya mwezi wa nane na mvua za mwezi wa kumi na mbili unajua ina nini ndani yake.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye jambo ambalo huenda usilipende. Unaizima kila baada ya picha. Shughuli ya picha 50 ina maana lenzi imetoka mara 50 na kurudi mara 50, kila safari ikivuta vumbi kidogo na kula meno ya gia kidogo. Tangu 2021! Umeokoa betri, ukaimaliza mota. Na kitenge hakizuii vumbi, kinalikusanya na kuongeza nyuzi zake. Khanga nayo, ukipangusa kamera yenye mchanga, inausukuma mchanga kwenye ule ufa badala ya kuutoa. Ilitakiwa uielekeze chini, uipigepige kwa brashi laini, ile ya kupakia poda inafaa kama ni mpya. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia.

Je, mnada wa Msalato haukuchangia? Unaweza ukawa ulichangia. Wiki mbili si muda mrefu kwa chembe kukaa ikisubiri. Lakini ukiniweka shahidi nisimame niseme ni siku ile na si siku zako zote za Chamwino, sitasimama. Shemeji tutamrudia.

Fundi wa sokoni. Ule ukungu wa kushoto sidhani kama ulitokana na uchovu wa kamera. Lenzi ikifunguliwa na kurudishwa, kioo kimoja kikikaa upande hata kwa unene wa unywele, nusu ya picha inakuwa kali na nusu inafifia. Kamera iliyochoka inakwama, inakataa kuwaka, inakula betri, lakini ni nadra kuchagua watoto wa kushoto. Uthibitishe hivi: kama lenzi itakubali kutoka hata mara moja, bandika ukurasa wa gazeti ukutani mchana, simama mbele yake sawasawa, piga, kisha kuza picha kwenye skrini usome kona zote nne. Kama haitoki tena, zile picha za mahafali zinatosha. Usizitupe, hata kama wazazi wamezikataa.

Nenda nazo kwake asubuhi kabla wateja hawajajaa, uende na mtu mzima mmoja, usiende na maneno ya barabarani. Mwulize alibadilisha nini na spea ya zamani iko wapi. Mtu aliyebadilisha kitu ana kile cha zamani. Aliyesafisha tu atakuambia amesafisha. Kama alisafisha, 45,000 ni nyingi na mnazungumza nusu. Ujumbe wa muamala kwenye simu yako ndiyo karatasi yako, usiufute. Akigoma kabisa, mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wapo. Ila kwa kweli mimi ningejipa safari moja tu kwa fundi huyo. Ukizidisha hapo umeshapoteza kwa nauli na muda kile unachokidai. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe ulimpa mtu kamera bila hata kuandika namba iliyo chini yake.

Kariakoo sasa. Hesabu yako iko hivi: ukiuza 1,500 na studio wakachukua 600, unabaki na 900. Matengenezo na usafiri ni 135,000. Gawanya: picha 150, yaani shughuli tatu. Si hela ya kutisha. Sasa ya kwanza ilidumu siku ngapi? Tisa. Kwa hiyo usimuulize fundi huyu bei, ameshakutajia. Muulize ikikwama tena baada ya mwezi itakuwaje. Unachonunua kwake ni miezi, lenzi ni njia tu ya kuipata. Akikuandikia, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba ikikwama ndani ya miezi mitatu anaitengeneza bila malipo, tuma. Akikuambia "dada, vitu vya umeme havina garantii", basi 135,000 yako ni kamari, na kamari umeshacheza mara moja.

Muulize pia lenzi anayoweka ametoa wapi. Kamera ndogo za bei ya kawaida kampuni zimepunguza sana kuzitengeneza tangu simu zianze kupiga picha nzuri, kwa hiyo lenzi mpya dukani kwa kamera yako usiitegemee. Mara nyingi inatolewa kwenye kamera nyingine iliyokufa kwa sababu tofauti: kioo cha skrini kimevunjika, au imeingia maji. Si dhambi. Lakini lenzi ya kamera iliyoingia maji sitaki, na ya kamera iliyoanguka sitaki. Iliyovunjika skrini, sawa. Na mwambie akurudishie lenzi yako ya zamani kwenye kifurushi hicho hicho. Fundi mwaminifu hatashangaa ukimwomba hivyo.

Ukiamua kununua nyingine iliyotumika, nenda na roho ngumu, maana utaambiwa mengi. Bei zenyewe zimechangamka: vijana wa Ulaya na Marekani wamezirudia kamera hizi ndogo kwa ule mwonekano wa picha za zamani, na wauzaji wetu wanaona mtandaoni zinauzwa vipi huko. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Iwashe na kuizima mara kumi mfululizo pale pale kaunta, huku umeisogeza sikioni. Mlio uwe mmoja, laini, mara zote kumi. Vuta picha karibu hadi mwisho na urudishe. Fanya lile jaribio la gazeti. Piga ukuta mweupe utazame kama kuna madoa ya kijivu yasiyohama; hilo ni vumbi lililoshafika kwenye kihisi cha picha, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, na haliondoki kwa kitambaa.

Na kama ni kamera ya zamani sana, ya miaka ya 2002 hadi 2004 hivi, na picha inatoka ya zambarau, au nyeusi, au ina mistari kama redio iliyokosa stesheni, irudishe mezani uage. Mwaka 2005 ilibainika kwamba vihisi vingi vilivyotengenezwa na Sony, vilivyofungwa pia kwenye kamera za Canon, Nikon, Fujifilm na wengine, vilikuwa na nyaya za ndani zinazoachia kwenye joto na unyevu. Kampuni zilizitengeneza bure wakati ule. Muda huo umepita, lakini kamera zenyewe bado zinazunguka, nami nimeshaziona mezani kwa wauzaji wa mitumba zikiitwa "haijatumika sana". Ni kweli, haijatumika sana, kwa sababu iliharibika mapema.

Kadi ya kuhifadhia picha nayo: kamera ya zamani haisomi kila kadi unayochomeka. Za kale kabisa zinaishia GB 2, zilizofuata GB 32. Ukiweka ya 64 ikakataa, usimpelekee fundi. Na muuzaji asikutishe kwa megapikseli. Picha ya postikadi inatosheka na megapikseli mbili, kwa hiyo kamera ya 10 iliyo nzima inazidi ya 20 inayokwaruza. Dai risiti ya EFD ukinunua dukani, na iandikwe namba ya kamera.

Kuacha kabisa? Hapana. Sentensi yako ile ya watu kufunga vifungo wakiona kamera inaonyesha unaijua kazi hii kuliko unavyodhani. Mahafali ya kidato cha nne ndiyo haya yanaendelea. Wiki hizi mbili tatu kodisha kamera kwa mwenzako wa mjini kwa siku, hata mkigawana faida, kuliko kukaa nyumbani ukiiangalia hiyo iliyotoa ulimi.

Shemeji. Mpwa wangu, kwa ushahidi ulionao nusu ya matengenezo huipati, na ukiipata utakuwa umeinunua ghali kwa mama mkwe. Amekwenda kusema kwa mama yake kwa sababu umemtajia hela, na hela hana au hataki. Lakini pikipiki anayo. Zungumza kwanza na mumeo, usiku, watoto wakiwa wamelala, umwambie hutaki tena kutaja ile nusu, 60,000, mbele ya mtu yeyote. Unachoomba ni mdogo wake akupeleke Chamwino Jumapili tatu, mafuta utaweka wewe. Huo ukimya wa mumeo nausoma kama wa mtu aliyebanwa kati ya mama na mke, si wa mtu aliyekuacha. Mpe neno jepesi la kupeleka kwao. Kisha siku ukipita kwa mama mkwe, msalimie vizuri, kaa chini, mwambie: "Mama, nimeacha lile la madai. Naomba tu kijana anisaidie usafiri hadi nisimame." Sijaona mama wa Kigogo, wala wa kabila lingine, atakayekataa kijana wake kumsaidia mkwe. Kudaiwa ndiko alikokukataa.

Jumapili hizo tatu ni zile shughuli tatu za kurudisha hela ya Kariakoo. Ila kwenye pikipiki kamera ubebe wewe, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Ukifika shughulini iwashe mara moja, iache ikiwa imewaka hadi mstari uishe, na betri ya pili iwe kwenye mfuko wa gauni.

Mjomba